Vidole Alivyotunza Mjomba

Kila siku ya kazi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Shukuru alisimama kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanda cha milango kule Kihonda, akaandika jina kwenye daftari, akapokea kofia ya plastiki namba kumi na nne, na vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vikaondoka. Kilitangulia cha shahada, kikafuata cha kati. Havikuuma wala kutoa damu. Palibaki ngozi laini iliyokwishapona, utadhani palikuwa hivyo miaka na miaka. Mlinzi, Mzee Hamisi, alikuwa na ukurasa wa vitu visivyoruhusiwa kuingia kiwandani, kama simu, viberiti na bangili, basi kwenye mstari wa Shukuru aliandika: vidole viwili. Saa kumi na moja jioni Shukuru alitoka, vidole vikarudi, na Mzee Hamisi akaweka alama ya vema.

Jambo hili lilianza na kofia nyingine. Mjomba wake Shukuru, Stephano Kobelo, alifanya kazi kwenye msumeno wa meza wa kiwanda hicho kwa miaka kumi na tisa. Siku yake ya pili tu kazini, msumeno ulimkata vidole viwili, vilevile cha shahada na cha kati. Mwaka jana kifua kilimbana, akakohoa kuanzia masika hadi kipupwe, akafa, akazikwa kwao juu ya Mkuyuni, pembeni ya shamba lake la mdalasini na pilipili manga. Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walimkalisha Shukuru mkekani, wakamvika kofia ya marehemu, wakamwita Stephano mara tatu, naye akaitika mara tatu. Kwa watu wa ukoo ule jina la mjomba halizikwi. Hupewa mpwa, na mpwa akishaitika, yeye ndiye. Tangu siku hiyo mama yake, Hosiana, aliacha kumwita mwanangu. Alimwita kaka, na mara mbili alimgombeza kwa makosa ambayo Stephano aliyafanya wakiwa watoto.

Ni Hosiana aliyempeleka kiwandani kuomba nafasi iliyoachwa wazi. Kwenye ukuta wa ofisi palitundikwa tangazo lililosema kwamba mtu yeyote haruhusiwi kuendesha mashine kabla ya kupata mafunzo ya siku tatu na kupewa cheti. Lilitiwa fremu nzuri ya mtiki, iliyopasuliwa na msumeno uleule. Chini yake mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Upepo wa mlimani ulipenda kuubamiza, kwa hiyo ulizuiwa kwa kipande kizito cha chuma kilichopinda kama gamba la kobe. Kipande hicho kilikuwa kifuniko cha msumeno, na kilitengenezwa kikae juu ya meno ili mkono usifike. Kilitolewa siku moja kulipokuwa na haraka ya kupasua mbao nene, na haraka ile haijaisha mpaka leo.

Meneja, Bwana Rogers, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye oda.

"Jina lako nani, kijana?"

"Shukuru."

"Ni Stephano," Hosiana akasema. "Amesharithi."

Bwana Rogers kwao ni mbali, na huko jina hufa na mwenyewe, hivyo aliomba aelezwe. Hosiana alimweleza bila haraka: shamba, kiti cha kwenye vikao vya ukoo, ugomvi wa mpaka na jirani, vyote vimeshuka kwa huyu. Bwana Rogers alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza mila za watu. Kisha akafungua droo, akatoa cheti kilichotiwa plastiki. Kiliandikwa kwamba Stephano Kobelo amehitimu mafunzo ya usalama ya msumeno wa meza.

"Na hiki, mama? Nacho kinarithiwa?"

Hosiana alikishika kwa mikono miwili. Hakuwahi kujua kwamba kaka yake alikuwa na cheti. Machozi yalimlengalenga kwa fahari.

"Kila kilicho chake ni cha huyu," alisema.

"Basi mafunzo anayo. Aanze kesho."

Shukuru alikuwa na miaka ishirini na sita, na mashine kubwa kuliko zote alizowahi kuendesha ilikuwa baiskeli. Alitaka kusema hivyo. Lakini mama yake alikuwa amefurahi mno, na ni muda mrefu hakuwa amefurahi.

Asubuhi ya kwanza, pale kwenye kibanda, alisita kuingia. Mlio wa msumeno ulitoka ndani ukampitia kifuani. Ndipo alipohisi ameshikwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alimtambua mshikaji papo hapo. Alipokuwa mdogo, mjomba alimvusha barabara ya Mkuyuni kila siku ya gulio kwa kumshika hivyohivyo, vidole viwili tu, kwa sababu mkono wenye vidole vitatu haukushika zaidi ya hapo. Shukuru alitulia. Alipotazama, vidole havikuwepo, naye akaingia kazini.

Hakuna aliyemwelekeza. Bwana Rogers alimwonyesha swichi nyekundu na swichi ya kijani, akamwambia mengine atajionea. Mara mbili siku hiyo ubao ulikwama, ukaruka, na mkono wake wa kushoto ukavutwa kuelekea kwenye meno. Mara zote mbili msumeno ulipita pale ambapo vidole vingekuwa, ukakuta hewa. Jioni vilirudi vikiwa na joto la kiganja cha mtu. Vilinukia tumbaku, na chini ya kucha palikuwa na udongo mwekundu wa Mkuyuni.

Jumapili ya kwanza, mchana, mjomba alikuja kumtembelea kwenye chumba alichopanga. Alivaa koti alilozikiwa. Aligonga mlango, akavua viatu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, maana kiti kilikuwa kimoja na hakutaka kumwondoa mwenyeji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jina linakukaaje?"

"Linanipwaya kidogo."

"Hata mimi lilinipwaya mwanzoni," mjomba alisema. Alipokea chai, akaipuliza muda mrefu. "Nimekuja kukuomba radhi. Mama yako anadhani nimekuachia ufundi. Ningekufundisha, Mungu anajua, lakini mimi mwenyewe sikufundishwa. Kile cheti nililetewa hospitali. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. Nilisaini kwa mkono wa kulia, huu mwingine umefungwa bandeji."

"Na zile siku tatu?"

"Siku tatu nililala wodini. Nadhani ndizo walizohesabu."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akiimba nyimbo za shule.

"Basi nimeona niwe nakushikia," mjomba akaendelea. "Hilo naliweza."

"Na huko unavifanyia nini kutwa nzima?"

Marehemu aliona haya. "Namenyea machungwa. Nafungia vifungo vya shati. Miaka kumi na tisa, Shukuru, nilifungiwa vifungo na watu."

Shukuru aliinuka, akapiga goti mbele ya ndoo, akamfungia mjomba wake kifungo cha juu cha koti, kilichokuwa kimeachia. Kisha wakamalizia chai.

Miezi ikapita. Vidole viliendelea kwenda na kurudi, na vilijifunza mambo. Vilirudi vinajua kubandua gome la mdalasini bila kulichana, na kupapasa pilipili manga ukajua kama imeiva. Shukuru alipokwenda nyumbani, mama yake alishangaa mkono wa kulia unakosea na wa kushoto haukosei. Kuhusu msumeno vidole havikujua kitu, kwa kuwa saa za msumeno havikuwepo.

Kiwandani watu walizoea. Wakati wa chakula wenzake walimwekea sahani upande wa kulia bila kuambiwa. Bwana Rogers alitundika ubao wa kuhesabia siku zilizopita bila ajali, na kila asubuhi aliandika namba mpya kwa chaki. Ilipofika mia mbili, aliwanunulia wote soda. Alimpiga Shukuru begani, akamwambia angekuwa na watu watano kama yeye, kiwanda kingekuwa cha mfano.

Ndipo akaja Semeni. Alitokea Mikese, binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla. Aliajiriwa kulisha mbao upande wa pili wa msumeno. Siku ya kuripoti alisaini daftari la mafunzo, akauliza mafunzo yenyewe yataanza lini.

"Umeshasaini," Bwana Rogers alisema.

"Nimesaini nini sasa?"

"Kwamba umefunzwa."

Semeni alilitazama tangazo lililo ukutani, akaitazama saini yake, akacheka kidogo, kisha akaacha. Ndugu zake wote wa kiume walikuwa hai na wazima, jambo la kumshukuru Mungu, lakini pale kwenye kibanda cha Mzee Hamisi halikumsaidia. Aliingia ndani na vidole vyote kumi.

Shukuru alimtazama akisukuma ubao wa kwanza akaogopa kuliko alipokuwa akisukuma yeye. Mchana alimfuata Bwana Rogers kumwomba siku tatu, wazime mashine, Semeni afundishwe.

"Afundishwe na nani? Mwenye cheti hapa ni wewe."

"Cheti ni cha mjomba."

"Wewe ndiye mjomba. Mama yako ndiye aliyesema."

Kwa hiyo alimfundisha mwenyewe, nusu saa ya chakula, siku tatu mfululizo, ili angalau hesabu itimie. Alimchongea kijiti cha kusukumia ncha ya ubao. Alimwambia asimame pembeni, asisimame nyuma ya ubao, afunge kilemba kwa ndani, asivae mikono mirefu. Hayo ndiyo yote aliyoyajua, na aliyajua kwa kuponea chupuchupu. Siku ya nne ubao wa Semeni ulikwama na kijiti kikakatika vipande viwili. Semeni alikiokota kipande chake, akakitazama, akakitia mfukoni, akaendelea na kazi.

Jumapili mjomba alipokuja, Shukuru alimweleza.

"Si wa ukoo wetu," mjomba alisema.

"Najua."

"Siwezi kushika mkono wa mtoto wa watu tu hivihivi. Kabila gani?"

"Mzaramo."

Uso wa marehemu ukachangamka. "Mtani! Mbona hukusema mapema? Mtani wangu aliingia msibani akaondoka na jogoo wangu, na hakuna aliyemuuliza. Vidole viwili ni nini? Mwambie avilete. Ila huko kwetu sitaki matusi yao asubuhi asubuhi."

Jumatatu, Semeni alisimama kwenye kibanda nyuma ya Shukuru. Alikuwa ameshaelezwa, na alikuwa amekata kucha. Vidole vyake vilipoondoka alikunja uso.

"Mwambie mjomba wako ana mikono ya baridi kama chura," alisema. "Waluguru hata mkifa hamwoti moto?"

Mzee Hamisi aliandika: vidole viwili, vya Semeni. Kutoka mlimani ulikuja upepo, na ndani yake, Shukuru angeweza kuapa, palikuwa na mtu anacheka hadi anakohoa.

Tangu hapo wote wawili walifanya kazi bila woga. Jioni vidole vyao vilirudi pamoja, vikinukia mdalasini uleule. Mjomba alisema vya Shukuru anavivaa, vya Semeni anaviweka kwenye mfuko wa shati, lakini wakati wa kupumzika huviweka vyote juu ya jiwe viote jua, na vimezoeana. Wenyewe walikuwa bado hawajaambiana neno. Jumamosi moja, wakivuka barabara kwenda kununua mihogo ya kukaanga, Shukuru alimshika Semeni mkono. Vidole vyao viliingiliana mara moja, kama watu waliofahamiana kitambo, na wote wawili wakaona aibu kwamba vidole vimewatangulia.

Mkaguzi wa usalama alikuja mwezi wa tisa. Alihesabu vizima moto, akasoma vyeti, akatazama ubao wa chaki uliosema siku mia tatu na mbili. Alipofika kwenye msumeno, alitazama mkono wa Shukuru, halafu wa Semeni.

"Hawa wamekatika lini?"

"Hawajakatika," Bwana Rogers alisema. "Vipo nyumbani. Jioni vinarudi."

Mkaguzi alisubiri hadi saa kumi na moja, akaviona vikirudi, akakata kwenye fomu yake neno majeruhi. Aliandika kwamba kifuniko kirudishwe kwenye msumeno. Aliandika pia kwamba daftari la mafunzo limejazwa vizuri. Bwana Rogers alisaini. Mkaguzi alipotoka aliruka kile kifuniko pale mlangoni, kama alivyokiruka mwaka uliotangulia.

Wiki iliyofuata ilikuja oda ya milango mia nne ya hoteli. Bwana Rogers aliajiri watu wanne na kuagiza msumeno wa pili, nao ulikuja bila kifuniko, maana usiokuwa nacho ulikuwa wa bei nafuu. Ijumaa alimwita Shukuru ofisini, akamvutia kiti.

"Mwambie mzee atuongezee vidole vinane," alisema kwa upole. "Wote nimewauliza. Wawili ni watani wenu, wawili tutatafuta undugu."

"Meneja, mafunzo ni siku tatu tu. Na kifuniko kipo, kinazuia mlango."

"Siku tatu ni milango sitini, Shukuru. Na hapa hajaumia mtu." Alionyesha ubao. Namba ilikuwa ya kweli, na Shukuru alijua ni yeye na mjomba walioiandika.

Jumapili alipanda Mkuyuni. Semeni alitaka kwenda naye, wakapanda wote, na njiani walinyeshewa wakakauka. Mjomba alikuwa shambani kwake, kwenye mdalasini, amekaa juu ya jiwe. Siku hiyo alikuwa na vidole vinane, maana vingine vilikuwa likizo kwa wenyewe. Koti lilikuwa limevaliwa kombo. Semeni alimsalimu shikamoo, kisha akamwambia kwa mtu aliyekufa anatembea sana, angetulia watu wapumzike. Mjomba alicheka, akakohoa, ikamchukua muda kutulia.

Shukuru alimweleza yote. Hakuficha lililomkaa moyoni tangu Ijumaa.

"Ukivishika, hawatafundishwa kamwe, mjomba. Hata mimi sikufundishwa kwa sababu unanishikia. Kile kifuniko kitakaa mlangoni mpaka kiote kutu."

"Najua."

"Na usipovishika?"

Mjomba aliinua mkono wake wa kushoto, akautazama kwa nyuma na kwa mbele, pale palipokuwa na pengo. Semeni aliutazama pia. Shukuru aligeuka kuangalia mdalasini.

"Nilidhani nikifika huku nitapumzika," mjomba alisema mwisho. "Hao wanne, wana watoto?"

"Watatu wanao. Wa nne, Furaha, ni mjamzito."

"Basi vidole kwanza, mwanangu. Hayo mengine wasemeshe wewe, kila siku, usichoke." Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga mtu kumwita mwanangu. "Na hilo koti lako lina mifuko mingapi?"

Shukuru alivua koti lake la mvua. Lilikuwa na mifuko minne yenye zipu. Alimvalisha mjomba juu ya lile la kuzikiwa, na Semeni akamfungia vifungo, kimoja kimoja, bila mzaha wowote.

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini, watu sita walipanga mstari kwenye kibanda na vidole kumi na viwili vikaondoka. Furaha alisema vinamtekenya. Mzee Hamisi alianza ukurasa mpya, akaupigia mistari kwa rula. Kabla ya kuingia kwenye mashine, Shukuru alikwenda ofisini, akavua kofia, akaomba siku tatu za mafunzo na kifuniko. Bwana Rogers alimjibu kwamba watalitazama oda ikiisha. Jumanne aliomba tena, akajibiwa hivyohivyo, na Jumatano pia. Ikawa sehemu ya asubuhi, kama kuchukua kofia. Kwenye daftari la mafunzo palikuwa na saini sita, na ubao wa chaki ulifika siku mia nne.

Jioni vidole vilirudi, kila kimoja kwenye mkono wake, na havikuwahi kukosea. Vya Shukuru vilirudi mwisho siku zote, vikachelewa kidogo, kwa namna ya mtu anayekushika mkono akishakuaga. Siku hiyo ya mia nne alivinusa kama kawaida. Palikuwa na mdalasini, na tumbaku. Katikati ya vidole, pale mtu anapoziba mdomo akikohoa, palikuwa na vumbi laini la mbao, la kahawia, la mtiki. Juu kule Mkuyuni hakuna msumeno.

Hakulipangusa. Alikunja mkono ili lisimwagike, Mzee Hamisi akaweka alama ya vema, na Semeni akamshika mkono wa pili, wakavuka barabara.